Gari liko Mweka, wageni wako Marangu: namna ya kuzifanya obijekti pacha ziseme kitu kimoja

Saa tisa mchana simu inaita, dereva. "Kaka nipo geti la Mweka tangu saa sita, maji ya wageni yameshapata moto humu ndani, hao watu wanashuka leo au kesho?" Mi nipo zangu Sakina, Arusha, laptopu mapajani, nafungua sistimu naangalia ile safari, njia ya kupanda Kilimanjaro imeandikwa Marangu. Marangu! Na ukipanda Marangu unashukia Marangu hukohuko, Mweka huioni hata kwa mbali. Kwaiyo wageni wanne walikuwa wamekaa kwenye majani upande mwingine wa mlima wanaangalia kila gari linaloingia, na dereva ili awafikie ilibidi ashuke mpaka Moshi mjini, ashike barabara ya Himo, alafu ndo aanze kupanda tena. Ile kampuni jina naliacha, na wala kosa sio lao, sistimu niliiandika mimi kwa mikono yangu hii.

Nilivyofuatilia nikakuta hivi. Wageni walibuku njia ya Machame. Wa Machame wanashukia Mweka, kwaiyo siku ile ya kubuku kodi yangu (kodi ya programu, sio ya TRA) ilitengeneza obijekti (kifurushi cha taarifa ndani ya programu) ya Safari, na papo hapo ikatengeneza obijekti pacha ya Usafiri, ikachukua lile neno "Mweka" ikalinakili ndani ya Usafiri. Wiki mbili baadae wageni wakaandika kwamba mama yao magoti hayako vizuri na hataki kulala kwenye hema, wakahamia Marangu kwasababu kule kuna vibanda. Dada wa ofisini akafungua fomu, akabadilisha njia, akasevu, skrini ikamwambia imekubali. Na kweli Safari ilikubali. Usafiri hakuambiwa na mtu.

Kinachouma zaidi ni kwamba mahema nayo yalikuwa yamebaki kwenye orodha ya vifaa, ila asubuhi ya kuondoka wagumu (wapagazi) wakaangalia wakacheka wakayashusha wenyewe, maana mgumu anajua Marangu hapelekwi hema la mgeni. Binadamu walirekebisha kosa la kompyuta kimyakimya, hakuna aliyepiga simu kuuliza, kwaiyo na mi sikujua kuna bagi (kosa kwenye programu) mpaka siku ya kushuka.

Sasa ndo nataka tuelekezane hapa namna ya kuzuia haya mambo, na nitatumia sistimu hiyohiyo kwasababu naijua vidonda vyake vyote. Kodi nitaiandika kwa Kiswahili cha kubuni (klasi ni kielelezo cha kutengenezea obijekti), machalii wa Java na wa Python na wa PHP wote mtaipeleka kwenu.

Anza na daftari sio na kibodi

Chukua daftari la kaunta, andika kila jozi ya obijekti ambazo moja ikibadilika nyingine inatakiwa ijue. Zangu zilikuwa Safari na Usafiri, Safari na Gari, Safari na orodha ya vifaa, Safari na kikosi cha wagumu, Safari na ankara, na kule kwenye skrini fomu ya bei yenye dola na shilingi. Usiruke hii hatua kwasababu watu wengi wakisikia "zisipishane" wanakimbilia kutuma matangazo huku na huku, kila obijekti inamsikiliza mwenzake, baada ya miezi mitatu hujui nani kamwambia nani, imekuwa kama umbea wa kijiweni.

Ukishaandika jozi, kila moja iulize swali: hiki kilichoko upande wa pili, naweza kukipata kwa kuhesabu kutoka upande wa kwanza? Au ni uhusiano mmoja tu unaoonekana kutoka pande mbili? Au ni nakala niliyoichukua makusudi na inatakiwa ibaki kama ilivyo? Majibu ni tofauti kabisa na dawa ni tofauti, na ukimpa mgonjwa wa malaria dawa ya minyoo hashangai mtu akibaki anatetemeka.

Hilo la tatu nilimalize haraka maana watu wanalikosea kwa kuzidisha bidii. Ankara. Mgeni kalipa kwa bei ya siku ile, ada za hifadhi zikipanda mwezi ujao ankara yake haitakiwi kuguswa, kwaiyo hapo kunakili bei ndani ya ankara ndo sahihi na kuiunganisha na bei ya sasa ndo bagi. Niliwahi kuona duka moja la spea pale Arusha, kila wakibadilisha bei ya brekipedi risiti za mwaka jana zote zinabadilika jumla, muhasibu anafunga mwaka anakuta mauzo yameongezeka yenyewe. Hiyo sio pacha, hiyo ni picha, na picha ya harusi haizeeki na bwana harusi. Kwenye daftari weka alama kabisa "hii isiguswe" na jina la fildi (nafasi ya taarifa moja ndani ya obijekti) liseme hivyo, mi naziita beiSikuYaKubuku, hakuna atakayekuja kuichanganya na bei ya leo.

Kinachohesabika usikitunze

Geti la kushukia linajulikana ukishajua njia. Machame, Lemosho na Umbwe wanashukia Mweka. Marangu na Rongai wanashukia Marangu. Hakuna siku dada wa ofisini atakaa achague geti la kushukia kwa hiari yake, kwaiyo hiyo fildi haikuwa na sababu ya kuwepo kwenye Usafiri, wala kwenye Safari. Ni mali ya njia.

```
klasi Njia
    jina
    getiLaKushukia
    inahitajiMahema

klasi Safari
    njia

klasi Usafiri
    safari
    mahaliPaKuchukua()
        rudisha safari.njia.getiLaKushukia
```

Ndo hivyo tu. Mtu akibadilisha njia hakuna cha kumwambia Usafiri, Usafiri akiulizwa anaenda kuuliza. Hamna nakala kwaiyo hamna cha kupishana. Angalia kwamba mwanzo nilikuwa nimeandika "kama njia ni Marangu au Rongai rudisha Marangu, zilizobaki zote rudisha Mweka", usifanye hivyo, ile "zilizobaki zote" ndo inayoficha uchawi, siku mtu akiongeza njia mpya au akikosea herufi kwenye jina, sistimu inajibu Mweka kwa kujiamini kabisa. Ikiwa njia haijulikani bora programu ipige kelele ifie hapohapo mbele ya mtu.

Vilevile idadi ya wagumu. Mzigo wa kampuni kwa mgumu mmoja ni kilo 20 mwisho, pale getini unapimwa kwa mzani. Nilikuwa natunza namba ya wagumu kwenye Kikosi kama fildi, inajazwa siku ya kwanza. Mzigo ulikuwa kilo 310, gawa kwa 20 unapata 15 na nusu, kwaiyo wagumu 16, safi. Baadae mgeni kaomba choo cha kubebeka na meza kubwa, kilo 25 zimeongezeka, mzigo ukawa 335, hapo wanatakiwa 17 lakini Kikosi bado kinasema 16. Sasa ni methodi (hesabu inayofanyika kila ikiulizwa), inachukua jumla ya kilo inagawa inapandisha juu, na mzigo ukibadilika mara kumi jibu linakuwa sahihi mara kumi.

Najua kuna mtu ameshaanza kusema "itakuwa slo". Jamani. Kugawa 335 kwa 20. Kompyuta inayofungua Facebook na video tatu kwa pamoja haishindwi kugawa. Kweli kuna hesabu nzito, ripoti ya mwaka mzima kwa mfano, hiyo weka keshi (jibu lililohifadhiwa lisihesabiwe upya), ila keshi uijengee mlango wake mmoja wa kufutwa na iwe ni kitu unachoweza kukitupa chote saa yoyote na kukijenga upya bila kupoteza kitu. Ukiona ukifuta keshi unapoteza taarifa basi hiyo sio keshi, umeshatengeneza nakala ya pili na umeipa jina la kujifariji.

Uhusiano unaoonekana pande mbili

Hapa ndo kwenye kazi, hapa tukae.

Safari inataka kujua gari lake. Gari linataka kujua ratiba yake, yani safari zote lilizopangiwa. Ni uhusiano mmoja, ila umeandikwa sehemu mbili. Swali la kwanza, je unahitaji kweli pande zote mbili? Mara nyingi hapana. Unaweza ukatunza gari kwenye Safari peke yake, na ukitaka ratiba ya gari unauliza databesi "nipe safari zote zenye gari hili". Ukitumia Django (fremuweki ya Python, yani mifupa ya kujengea programu) ndo inavyokwenda kwa kawaida, funguo inakaa upande mmoja na upande wa pili unaulizwa. Ukiweza kuishi hivyo, ishi hivyo, ruka hii sehemu kanywe chai.

Kama huwezi, maana mimi sikuweza, skrini ya magari ilikuwa inachora ratiba ya wiki kila saa na mtandao wa ofisini unakatika ovyo, basi kuna utaratibu. Upande mmoja ndo mwenye mali. Mabadiliko yote yanapita kwa mwenye mali, kwenye mlango mmoja, na upande wa pili unatii tu. Mimi mwenye mali ni Safari.

```
klasi Safari
    gari        // ya ndani, haiguswi na mtu wa nje

    wekaGari(jipya)
        kama jipya ni lilelile gari la sasa: acha hapo
        kama jipya lipo na halina nafasi tarehe zangu:
            kataa kwa kelele
        zamani = gari
        gari = jipya
        kama zamani lipo: zamani.toa(hii)
        kama jipya lipo: jipya.ingiza(hii)
        tangaza("gari limebadilika")
```

Isome polepole kuna mambo yamejificha humo.

Ile mistari ya zamani ndo ambayo kila mtu anaisahau. Ukimuhamisha mgeni kutoka Noah kwenda Coaster sio obijekti mbili zinazobadilika, ni tatu: safari, Coaster, na ile Noah iliyoachwa. Kodi yangu ya kwanza ilikuwa inaiambia Coaster "umepata kazi" na inaiambia safari "gari lako ni Coaster", Noah haikuambiwa kitu, ikabaki kwenye skrini ina rangi nyekundu kwamba ipo kazini. Siku moja ofisi imeenda kukodi gari la nje kwa hela nzuri tu kwasababu sistimu inasema hamna gari, na mlinzi anaingia kuuliza hii Noah hapa nje wanaiosha au waiache. Ndo nikajifunza kwamba ukichora jozi kwenye daftari chora na mtalaka.

Kingine, ukaguzi wote uko juu kabla ya kugusa chochote. Ukianza kubadilisha alafu katikati ndo ugundue gari halina nafasi, umeshaacha nusu imeenda nusu imebaki, na hiyo hali ya nusunusu ni mbaya kuliko kosa lenyewe kwasababu haionekani. Angalia vyote kwanza, ukiridhika ndo badilisha. Na kwenye databesi mabadiliko yote mawili yafungwe kwenye muamala mmoja, ama yote yaandikwe ama lisiandikwe hata moja.

Alafu toa na ingiza za kwenye Gari zisiitwe na mtu mwingine yeyote zaidi ya Safari. Java unaweza kuzificha kwenye pakeji, Python utaweka mstari wa chini mbele ya jina na kuomba watu wawe waungwana. Na ratiba yenyewe usimpe mtu mkononi, mpe nakala:

```
klasi Gari
    ratiba      // ya ndani
    ratibaYako()
        rudisha nakala ya ratiba
```

Ukimpa orodha yenyewe, kuna siku kijana wa mafunzo kwa vitendo atakuja ataandika gari.ratiba.ongeza(safari) kwasababu ni rahisi, kwa uelewa wake amepanga gari, na safari haina habari. Mlango wa mbele umeweka kufuli tatu na dirisha la jikoni liko wazi.

Kwa wanaotumia Hibernate (chombo cha Java cha kutunza obijekti kwenye databesi), kuna kitu kinawachanganya wengi hapa: upande wenye kolamu ya aidii ndo mwenye mali machoni pake. Ukiongeza safari kwenye ratiba ya gari bila kubadilisha gari kwenye safari, kwenye kumbukumbu utaona imeingia vizuri, unasevu, unafungua tena, hamna. Sio kwamba Hibernate imekuibia, ulimwambia mtu asiye na saini. Ule mlango mmoja unatibu na hilo.

Na tarehe. Nilijisifu nimemaliza wekaGari, nikasahau kwamba safari ikisogezwa tarehe, gari halijabadilika lakini nafasi imebadilika. Kwaiyo badilishaTarehe nayo ipite kwenye ukaguzi uleule, na kama gari halina nafasi tarehe mpya uamue mapema nini kinatokea: kukataa, au kuliachia gari na kumwambia dada wa ofisini safari haina gari. Mimi nilichagua kuliachia kwa kelele, kwasababu ukikataa tarehe wakati mgeni ameshakata tiketi ya ndege utakuwa unabishana na ndege.

Kutangaza

Ikishindikana kuhesabu, na sio uhusiano wa jozi tu, bali kuna watu wengi wanataka kujua (skrini ya ukutani, meseji ya dereva, orodha ya stoo), ndo unafika kwenye matangazo. Wazo hili la zamani sana, Trygve Reenskaug, Mnorwe, alikuwa pale Xerox PARC, maabara ya utafiti ya kampuni ya Xerox, mwaka 1979 akaandika namna ya kutenganisha taarifa na skrini zinazoionyesha, taarifa moja madirisha mengi. Fremuweki nyingi za leo zinakula kwenye sahani ile. Obijekti inakuwa na orodha ya wasikilizaji, ikibadilika inawaambia.

Ninavyofanya mimi, tangazo nalitoa mwishoni kabisa, kila kitu kikishakaa mahali pake. Rudi juu uangalie wekaGari, tangaza iko mstari wa mwisho. Nikiipandisha katikati, skrini itakuja kusoma itakuta safari imo kwenye Noah na kwenye Coaster kwa wakati mmoja, itachora hivyohivyo. Na tangazo liwe fupi, "safari namba fulani imebadilika", anayetaka undani aje aulize mwenyewe. Ukituma na data yote ndani ya tangazo, matangazo mawili yakifika yamepishana wa kwanza anamfuta wa pili na umerudi palepale kwenye nakala.

Msikilizaji kazi yake kusikia, sio kurekebisha. Ukiona msikilizaji anabadilisha obijekti ileile iliyomtangazia, simama, kunywa maji, hiyo ni lupu (mzunguko usioisha) inakuja. Mimi ilinikuta kwenye fomu ya bei. Kuna kisanduku cha dola na cha shilingi, ukiandika kimoja kingine kinajaa. Tuseme dola moja ni shilingi 2,600. Dada kaandika shilingi 1,000,000. Fomu ikagawa ikapata dola 384.615 na kitu, ikakata ikawa 384.62. Kisanduku cha dola kikatangaza "nimebadilika", cha shilingi kikasikia, kikazidisha, 384.62 mara 2,600 ni 1,000,012. Dada anaandika milioni moja, anainua macho inasomeka milioni moja na kumi na mbili. Anafuta anaandika tena. Tena kumi na mbili. Aliniita akaniambia kompyuta ina pepo.

Watu wengi hapa wanaweka ulinzi wa "kama thamani ni ileile usitangaze", na ni mzuri uweke, ndo ule mstari wa kwanza wa wekaGari. Lakini kwenye hii haukusaidia kwasababu thamani sio ileile, imeongezeka kumi na mbili. Wengine wanaweka bendera, "nipo kwenye kusasisha, msinisumbue", inafanya kazi mpaka siku kosa litokee katikati bendera ibaki juu na fomu iwe kiziwi, kwaiyo ukiitumia hakikisha inashushwa hata kukitokea kosa. Dawa yenyewe ni kuuliza nani mwenye mali. Mwenye mali ni kile kisanduku alichoandika mtu. Nikaweka bei moja tu ndani, pamoja na sarafu aliyoitaja, shilingi milioni moja, na kisanduku kingine ni cha kuonyesha tu kinahesabu. Akigusa cha dola, umiliki unahama. Pepo akatoka.

Kuna ugonjwa mwingine wa matangazo haujulikani mpaka jioni. Skrini unaifungua inajiandikisha kusikiliza, unaifunga, ila hujaifuta kwenye orodha. Obijekti bado inaishika, kumbukumbu haiachii, na kila tangazo linaenda kuchora skrini ambayo hakuna anayeiona. Ile kompyuta ya ofisini ilikuwa na ramu ya GB 4, asubuhi inaruka, saa kumi inatembea kama Hiace imebeba mkungu wa ndizi kwenye kila siti. Anayejiandikisha ajifute, iandike siku ileile unayoandika kujiandikisha, sio "nitarudi". Au tumia rejea dhaifu (inayoelekeza kwenye obijekti bila kuizuia isifutwe) kama lugha yako inazo, ingawa mi siipendi kwa hili, inafuta kwa muda wake sio kwa muda wako. Na wa Java, kama umejifunza kwa mafunzo ya zamani yanayotumia ile klasi ya Observable, jueni imeshawekwa alama ya kuachwa tangu Java 9 mwaka 2017, andika orodha yako mwenyewe ya wasikilizaji, ni mistari kumi.

Kuhusu simu ya muongoza wageni akiwa mlimani na mtandao unashika na kuachia, hiyo ni obijekti moja kwenye mashine mbili, kisa kirefu. Kwa ufupi tu, kila safari iwe na namba ya toleo inayoongezeka kila ikibadilika, simu ikileta mabadiliko yaliyofanyika juu ya toleo la 4 wakati ofisini wapo la 6, usiyameze, muonyeshe mtu achague. Na ujumbe uleule ukifika mara mbili isiwe umelipa posho mara mbili.

Askari wa usiku

Hata ukifanya yote haya, kuna skripti ya mtu itaingia kwenye databesi kwa nyuma. Kwaiyo andika mkaguzi.

```
kagua()
    kwa kila safari S:
        kama S.gari lipo na S haimo kwenye S.gari.ratibaYako():
            andika kasoro
    kwa kila gari G, kwa kila safari S iliyomo kwenye ratiba ya G:
        kama S.gari si G: andika kasoro
```

Pande zote mbili, usiniambie upande mmoja unatosha. Ile Noah ya mlinzi ungekagua kutoka kwenye Safari tu usingeiona, kwasababu safari zote zilikuwa sawa, mzimu ulikuwa kwenye ratiba ya gari. Mimi naiita mwisho wa kila testi, na usiku saa nane kwenye data yenyewe, ikikuta kasoro inanitumia meseji. Irekebishe? Hapana, iandike tu. Ikianza kurekebisha yenyewe kimyakimya itakuwa kama wale wagumu na mahema, kila asubuhi kila kitu kizuri na bagi inaendelea kuzaa ndani.

Testi nazo, usitestie kuweka tu. Testia kuhamisha, testia kuweka gari lilelile mara mbili, testia kuweka "hakuna gari", testia kuhamisha kunakokataliwa alafu uhakikishe hakuna kilichoguswa. Bagi zangu tatu kati ya nne zilikuwa kwenye kuhamisha.

Kama unayo sistimu ya zamani imeshajaa nakala usiivunje yote wikiendi moja. Anza na mkaguzi, muache aongee wiki nzima ujue kidonda kikubwa kiko wapi, alafu tengeneza mlango mmoja wa jozi moja, hamisha sehemu zote za kodi zipite hapo, ndo uende jozi nyingine. Na fildi ulizoacha kuzitunza usizifute siku hiyohiyo. Ile kolamu ya mahali pa kuchukua niliiacha kwenye databesi, nikaacha kuiandika, na safari mpya ikawa inabaki tupu, nikakaa wiki sita nikisubiri nani atalia. Akalia mmoja, muhasibu, kumbe alikuwa na faili lake la Excel linavuta ile kolamu kila mwezi kukadiria mafuta ya magari, na hakuna mtu ofisini aliyekuwa anajua. Nikamtengenezea ripoti inayoita mahaliPaKuchukua(), akalinganisha na mwezi uliopita akakuta safari mbili zilikuwa zimehesabiwa mafuta ya Mweka na magari yalienda Marangu, akaniangalia, mi nikaangalia dirishani, kolamu nikaifuta jioni ile.